Mbwa mmoja, watu watano, kila mtu na sheria yake

*Shikamoo Shangazi,*

*Tunaishi Goba, Dar es Salaam: mimi, mume wangu, watoto wawili (binti wa darasa la tano na mdogo wake wa chekechea) na dada anayenisaidia kazi. Mwaka jana wezi waliruka ukuta wakaondoka na pampu ya maji na nguo zote zilizokuwa kambani. Mume wangu akasema basi, sasa ni mbwa. Rafiki yake akamletea kidume, chotara wa German shepherd, akiwa bado analia usiku kumtafuta mama yake. Leo ana miezi minane. Akisimama kwa miguu ya nyuma ananifika kifuani. Jina lake Bosko, na ametushinda.*

*Kwanza anarukia kila mtu. Ukirudi kazini, kabla hujaweka mkoba chini, nguo imeshachafuka. Ijumaa iliyopita mzee jirani yetu alikuja kuzungumza na mume wangu habari ya mfereji wa maji machafu, akiwa ameshavaa kanzu anaelekea msikitini. Bosko akampandia kifuani, akamlamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Mzee hakusema neno. Aligeuka akarudi kwake, na adhana ilikuwa karibu. Tumekwenda kumwomba radhi, amepokea vizuri, lakini tangu siku hiyo akiwa na jambo anapiga simu.*

*Ndani nako ni vita. Mimi sitaki mbwa avuke mlango. Mume wangu anasema mbwa wa ulinzi lazima aijue nyumba. Binti yangu humwingiza chumbani tukishalala. Dada anamwogopa, humfukuza kwa fagio, naye anadhani ni mchezo. Fagio la pili hilo limekwisha. Tukila, Bosko anakaa ubavuni kwa Baba anatiririsha udenda. Mimi nakataza, Baba anasema "cha mwisho hiki" na kumtupia. Baba humwamrisha kwa Kiingereza kama askari, watoto wanamwambia "kaa", dada anamwambia "toka". Hamsikilizi yeyote.*

*Mume wangu anaamini mbwa hafundishiki bila fimbo, na kwamba lazima ajue nani kiongozi wa kundi. Kweli, akiiona fimbo Bosko anajikunja chini. Fimbo ikiondoka anarudi kulekule. Juzi mwanangu mdogo alisogelea bakuli lake la chakula, Bosko akanguruma. Mume wangu akampiga sana. Usiku huo sikulala. Mama mkwe amepiga simu kutoka Moshi, anasema tumfunge mnyororo kutwa, awe anafunguliwa usiku tu. Nimeona video za watu wanaofundisha mbwa kwa kumpa zawadi, nikamwonyesha mume wangu, akacheka: "Hiyo ni rushwa." Niko njia panda, sijui nimgawe au nifanye nini.*

*Mama Wawili, Goba*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na bakuli. Mengine yanaweza kusubiri mpaka Jumapili, hilo haliwezi.

Kunguruma ni namna ya mbwa kusema "usisogee" kabla hajafika kwenye meno. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma haanzi kuwapenda watoto wanaosogelea chakula chake. Anachojifunza ni kunyamaza. Hofu yake inabaki palepale, tena imeongezeka, kwa sababu sasa mtoto akisogea hufuatiwa na kipigo. Siku itakapomzidi atakwenda moja kwa moja kwenye kung'ata, na nyumba nzima itasema "alimrukia tu ghafla". Kwa hiyo mshukuru Bosko kwa kunguruma, na usiruhusu mtu amwadhibu tena kwa hilo.

Kuanzia jioni ya leo ale peke yake, nyuma ya nyumba au mahali penye kizuizi, na mtoto wa chekechea asifike huko kabisa. Siku chache zikipita, wewe au mume wako apite kwa mbali mbwa akiwa anakula, umbali ambao hata hainui kichwa, amtupie kipande cha ini lililochemshwa, kisha aendelee na njia yake. Asisimame, asimsemeshe, asiguse bakuli. Kesho tena hivyohivyo. Baada ya muda Bosko atakuwa anatikisa mkia akisikia hatua zenu, kwa kuwa kila zinapokaribia chakula kinaongezeka. Hapo ndipo mnapunguza umbali, hatua moja moja. Akiacha kutafuna, akakaza mwili na kukutazama kwa pembe ya jicho, umesogea mno. Rudi ulipokuwa jana. Na kama ananguruma hata akiguswa mgongo au sikio, mwite daktari wa mifugo kabla ya jambo lolote, kwa kuwa maumivu humfanya mbwa mpole awe mkali.

Hukuniambia kama amechanjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Kama hajapata, kesho asubuhi nenda kwa ofisa mifugo wa kata yako. Shirika la Afya Duniani linasema watu wanne kati ya kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu akipata jeraha la jino, hata mchubuko, oshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Habari ya kupaka pilipili au mafuta ya taa, achana nayo.

Sasa hii rushwa ya mume wako.

Rushwa hutolewa kabla ya kazi, ili mtu afanye asichotaka kufanya au afumbe macho. Kinachotolewa baada ya kazi kufanyika vizuri kinaitwa mshahara, na sidhani kama Baba wa nyumbani kwako anaupokea wake kwa aibu. Ukimwonyesha mbwa kipande cha nyama na kumbembeleza "njoo basi, njoo ule", hapo Baba ana hoja, hiyo ni rushwa kweli, na mbwa atakuwa anaangalia mkono kwanza kabla ya kuamua kama atakuja. Ukimwita, akaja, ndipo ukatoa kitu mfukoni, umemlipa. Anayeona ni tofauti ndogo hajawahi kuishi na mbwa anayekagua mfuko kwanza.

Akiendelea kucheka, mwambie afike Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000, wanuse mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia, mkufunzi anabonyeza kidude kinacholia "tik", kisha panya anapewa ndizi. Hakuna fimbo pale, na panya buku ungempiga vipi? Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, likamvisha nishani ya dhahabu. Kazi ile akikosea kuna mtu anapoteza mguu. Imefanywa kwa ndizi.

Na "kiongozi wa kundi"? Wazo hilo lilitoka kwa mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila undugu, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliwaeleza mwaka 1947 huko Uswisi. Ukiwafungia wageni uani pamoja, watagombana. Mmarekani David Mech alilieneza wazo hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1970, na mwaka 1999 akaandika yeye mwenyewe kwamba kundi la mbwamwitu porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, hapana kinyang'anyiro cha ukubwa. Bosko hapiganii uenyekiti wa nyumba yenu. Anatafuta kinacholipa.

Hebu tazama kinacholipa hapo kwenu. Akikurukia unapiga kelele, unamshika miguu, unamtazama usoni, na kwa mbwa aliyekaa peke yake uani tangu asubuhi, hayo yote ni mapokezi. Dada akimtikisia fagio, fagio linakimbia kama kitu cha kuwindwa. Mezani anapata kipande mara moja moja tu, na hapo ndipo pagumu kuliko pote. B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha zamani kwamba mnyama anayelipwa kwa kubahatisha ndiye anayeng'ang'ania muda mrefu kuliko anayelipwa kila mara. "Cha mwisho hiki" cha mume wako, leo ndiyo kesho hapana, kimemfundisha Bosko uvumilivu wa ajabu. Ni mwanafunzi mzuri huyo, amefaulu kila somo mlilomfundisha bila kujua.

Kwa hiyo kikao cha Jumapili ni cha watu. Mkishakula, kaeni wote watano, na dada akae kitini kama wengine, asisimame mlangoni akisubiri kuondoa vyombo. Yeye ndiye anayeshinda na mbwa huyo kutwa nzima. Sheria itakayopitishwa bila yeye itavunjika Jumatatu saa mbili asubuhi. Msitunge sheria ishirini. Tatu zinatosha, na kila moja iseme mbwa afanye nini, kwa sababu "asifanye" haifundishiki, huwezi kulipa kitu ambacho hakijatokea.

Ya kwanza nimeshaitoa: anakula mahali pake, baada ya nyinyi kula. Mume wako hapotezi chochote. Cha mwisho chake akiweke pembeni ya sahani (kisiwe na kitunguu wala mfupa wa kuku uliopikwa, ule huvunjika na kuchoma utumbo), akimaliza anyanyuke, atoke nacho nje, Bosko akae kwanza, ndipo apewe kwenye bakuli lake. Mezani kisianguke kitu, si mara moja.

Ya pili ni ya ndani na nje. Hapa kila nyumba na yake, na mbwa hana shida na jibu lolote mradi liwe moja. Ukiniuliza mimi, nasema Bosko aishie barazani, awekewe gunia lake karibu na mlango. Anaijua nyumba, anawasikia, na mlango wa chumba cha watoto haumhusu. Nimekupendelea wewe, ndiyo, kwa kuwa wewe na dada ndio mnaopiga deki. Binti asinyang'anywe mbwa bila kupewa kitu. Mpe cheo, nitakieleza.

Ya tatu: Bosko husalimiwa miguu yote minne ikiwa chini. Na hii ndiyo itakayowatoa jasho.

Chagueni kwanza maneno. Kiingereza au Kiswahili, kwa mbwa ni sauti tu, ila nchi hii tuna mazoea ya kuamini mbwa wote walisoma ng'ambo. Kwa kuwa dada na watoto ndio wengi, mimi ningechukua Kiswahili: "kaa", "njoo", "guniani". Na neno moja la kumwambia amepatia, fupi, linalosemwa na kila mtu kwa sauti ileile: "safi!" Yaandikeni, mbandike kwenye mlango wa friji, na Baba naye ayafuate.

Malipo ni dagaa. Nunua wa Mwanza, wakavu, wale wa kuanikwa bila chumvi, waoshe mchanga, wakaushe tena, kisha wavunje vipande kama punje ya hindi. Dagaa wa Zanzibar wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi, hao kuleni nyinyi kwa ugali. Ini lililochemshwa na kukatwa dogodogo ni la kazi ngumu, kama ile ya bakuli. Unachompa mafunzoni kipunguze kwenye chakula chake cha jioni.

Anza na "kaa". Mwache awe na njaa kidogo. Shika kipande cha dagaa kati ya vidole, kiweke karibu na pua yake, kisha kipandishe taratibu juu ya kichwa kuelekea mgongoni. Pua inafuata dagaa juu, matako yanashuka. Sekunde yanapogusa sakafu, hiyohiyo, sema "safi!" na umpe. Ukichelewa, akawa ameshanyanyuka ndipo ukampa, umemlipa kwa kunyanyuka. Usimkandamize mgongo kwa mkono na usirudie "kaa, kaa, kaa" kama kondakta anayeita abiria. Neno lije likishakuwa na maana, yaani baada ya mwili wake kuanza kushuka wenyewe akiona mkono unapanda. Akishajua, mkono upande bila dagaa, na malipo yatoke mfukoni. Dakika tano zinamtosha, asubuhi na jioni, na muache akiwa bado anataka.

Kazi hii mpe binti yako, wewe ukiwa umesimama karibu. Mtoto wa darasa la tano huwa na mkono wa haraka kuliko sisi, na atakuwa na sababu ya kuonana na Bosko mchana badala ya usiku. Mdogo wake atazame kwa mbali kwanza.

Kwenye kuruka: Bosko akipanda, geuka, mpe mgongo, kunja mikono, usiseme neno, usimtazame. Miguu ikigusa chini, "safi!", inama umsalimie wewe kwa chini ili asipate haja ya kupanda. Akipanda tena, geuka tena. Na nikwambie mapema ili usinilaumu: siku za mwanzo ataruka zaidi. Atabweka, atakuvuta khanga, atajaribu kila kilichowahi kumlipa. Wengi huacha hapo wakisema njia hii haifanyi kazi, kumbe mbwa alikuwa anajaribu kwa nguvu kabla ya kuachana nayo, nao wakishindwa siku hiyo wanamfundisha kwamba kuruka kwa nguvu zaidi ndiko kunakolipa. Shikilieni wote watano. Mmoja akicheka na kumpapasa, mmeanza upya.

Wageni wasifanywe vifaa vya mazoezi. Geti likigongwa, Bosko avishwe mkanda na kamba kabla komeo halijafunguliwa, apelekwe guniani, alipwe akitulia pale. Fanyeni mazoezi na watu wa nyumbani kwanza: binti atoke nje agonge, Baba aseme "guniani", dagaa imsubiri kule. Dada naye awe na dagaa kwenye mfuko wa aproni. Atupe chini kwa mbali Bosko anapotulia, asilazimike kumgusa. Mara nyingi mtu anayemwogopa mbwa hutulia akishaona kwamba mbwa anamsikiliza, lakini asisukumwe.

Kuhusu mzee, mmefanya vizuri kwenda. Huenda hamkujua uzito wa kilichotokea. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi sana pwani yetu, mahali palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Adhana iko karibu, kanzu ni ile, na mkono mpaka kwenye kiwiko. Kufuga mbwa wa ulinzi dini yake inakuruhusu, kwa hiyo si kwamba anataka Bosko afukuzwe. Usimwambie "siku hizi halambi". Mwambie kwamba akitaka kuja apige simu kama anavyofanya sasa, na akifika mbwa atakuwa bandani, komeo limefungwa, kabla hajagusa geti. Ijumaa kuanzia saa tano Bosko awe bandani bila kuulizwa. Mkiendelea hivyo kwa miezi, kuacha kupiga simu au kutoacha ni juu yake.

Mama mkwe mheshimu, lakini mnyororo kutwa hapana. Mbwa anayefungwa mchana kutwa hana nafasi ya kujua nani ni fundi bomba na nani ni mwizi. Kwake wote ni watu asioweza kuwafikia wala kuwakimbia, na akifunguliwa usiku anakuwa na hasira ya wote. Isitoshe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Banda lenye kivuli na maji, sawa. Miezi minane ni ujana, mwili wake unawaka. Mume wako akimtembeza kwa kamba alfajiri kabla magari hayajawa mengi, nusu ya vituko mnavyoviona jioni vitapungua. Hiyo pia ndiyo njia ya kumfanya mlinzi mzuri: azijue sauti na nyuso za mtaa wenu, ili kisicho cha kawaida kikija akitambue.

Na mume wako usishindane naye kwa maneno. Mwombe fimbo ikae stoo kwa mwezi mmoja, na yeye achukue somo la "njoo", kwa kuwa Bosko anampenda kuliko nyote. Ila huwezi kuwa na mbwa anayekuja mbio ukimwita ikiwa jana ulimwita ukampiga, hilo alifikirie akiwa peke yake. Akishaweza kumwita kutoka upande wa pili wa kiwanja, mbele ya rafiki yake aliyemletea, sidhani kama atakuuliza fimbo iko wapi.

Kumgawa, bado. Ukimgawa leo unampelekea mwenzako mbwa anayenguruma kwenye bakuli bila dawa yake. Fanyeni haya kwanza, na mkifika kwenye bakuli mkaona hapasogei, au akaonyesha meno kwa mtoto hata mara moja, simamisheni zoezi, mtoto na mbwa wasikutane uani, na mtafute daktari wa mifugo aje amwone hapo nyumbani. Dada akinunua fagio jingine, litunzwe jikoni mlango ukiwa umefungwa.